Kiongozi Hupimwa Siku Asipokuwapo



Katika parokia zetu nyingi hufika majira ya kuchagua komite mpya za vikundi. Majina hutajwa, kura hupigwa, makofi husikika, na baada ya wiki chache mambo hurudia mwendo wake wa zamani. Ni mara chache tunasimama kuuliza swali lililo chini ya uchaguzi huo: tunamchagua mtu ili afanye nini? Wengi wetu humtazama mgombea kwa nje tu. Anasema vizuri, ana sauti kubwa, anajulikana na padri, haoni haya mbele ya watu. Sifa hizo si mbaya, lakini hazitoshi, na pengine ndizo zinazotupoteza.

Maoni ninayoyatetea hapa ni haya: kiongozi hapimwi kwa yale yanayotendeka akiwa amesimama mbele ya watu, bali kwa yale yanayoendelea siku asipokuwapo. Kikundi kinacholala usingizi mara tu mkubwa wake anaposafiri hakikuwa na kiongozi. Kilikuwa na mtu mmoja aliyebeba kazi ya wote, au aliyepiga kelele kwa niaba ya wote. Na kwetu Kongo, zaidi sana upande wa Mashariki, kutokuwapo kwa kiongozi si jambo la nadra. Mmoja anakwenda kusoma Lubumbashi au Kinshasa; mwingine anaolewa na kuhamia parokia nyingine; mwingine analazimika kukimbia vita pamoja na jamaa yake usiku mmoja, bila kumwaga mtu. Kikundi kinachotegemea kichwa kimoja kimekwisha kuhukumiwa kufa. Haijulikani tu ni lini.

Mitindo mitatu katika chumba kimoja

Wataalamu wameandika mengi kuhusu mitindo ya uongozi, na orodha zao ni ndefu. Lakini uchunguzi mmoja wa zamani unatuhusu kwa karibu, kwa sababu ulifanywa katika vikundi vya watoto, si katika ofisi wala jeshini. Kurt Lewin alikuwa mwanasaikolojia Myahudi aliyeiacha Ujerumani mwaka 1933, Hitler aliposhika madaraka. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Iowa, yeye na wenzake Ronald Lippitt na Ralph White waliwakusanya wavulana wa umri wa miaka kama 10 katika vikundi vidogo vya kufanya kazi za mikono, kama vile kutengeneza vinyago vya kuvaa usoni. Matokeo yao yalitolewa mwaka 1939. Tunaweza kuelewa kwa nini jambo hilo lilimsumbua Lewin: alikuwa ameona kwa macho yake taifa zima likimwinamia mtu mmoja.

Kila kikundi kiliwekewa mtu mzima wa kukiongoza, na mtu huyo alitakiwa kufuata mtindo mmoja kati ya mitatu. Wa kwanza ni uongozi wa amri: kiongozi anaamua yote, anagawa kazi hatua kwa hatua bila kueleza mwisho wake, anasifu na kulaumu apendavyo. Wa pili ni uongozi wa pamoja: mambo yanajadiliwa, watoto wanachagua wa kufanya naye kazi, naye kiongozi anaongoza mazungumzo na kueleza sababu. Wa tatu ni uongozi wa kuachilia: kiongozi yupo, vifaa vipo, lakini kila mtoto anafanya alipendalo, na kiongozi hasemi neno mpaka aulizwe.

Tuseme ukweli wote: chini ya amri kazi nyingi ilifanyika. Wanaopenda mkono wa chuma hawaoti ndoto tupu. Lakini wachunguzi walifanya jambo lingine la busara: mara kwa mara kiongozi alitoka chumbani. Hapo ndipo siri ilipofunuka. Katika vikundi vya amri, kazi ilishuka ghafula mara alipotoka. Watoto waliacha vinyago na kuanza kusumbuana. Katika vikundi vya pamoja, kazi iliendelea karibu sawa na mwanzo, kwa sababu ilikuwa kazi yao. Tena katika vikundi vya amri kulionekana ama unyonge wa kimya, ama ukali wa watoto wao kwa wao, hata kumgeukia mwenzao mmoja na kumfanya shabaha ya hasira zao. Nako kwenye kuachilia, uhuru ulikuwapo, lakini kazi ilikuwa haba na mafarakano yalikuwa mengi.

Msomaji wa kikundi chochote cha parokia atawatambua viongozi hao watatu bila shida. Yuko yule anayefunga daftari la michango kwenye mkoba wake na kusema, “Mimi ndimi ninayejua.” Yuko yule anayekubaliana na kila mtu, anayeahirisha kila jambo, na ambaye mwisho wa mwaka hakuna aliyemkosea wala aliyemfuata. Na yuko yule ambaye wenzake wanaweza kufanya mkutano bila yeye, wakaamua vema, kisha wakamweleza waliyoamua naye akafurahi. Huyo wa tatu ndiye adimu.

Somo la nchi yetu wenyewe

Tusidhani kwamba hayo ni mambo ya watoto wa Marekani tu. Nchi yetu imelipa gharama kubwa kujifunza somo lilo hilo.

Tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu alitwaa madaraka, na mwaka 1967 kikaundwa chama cha MPR, ambacho baadaye kila raia alihesabiwa kuwa mwanachama wake tangu kuzaliwa. Uamuzi mkubwa ukawa unatoka kinywani mwa mtu mmoja. Tarehe 30 Novemba 1973 alitangaza kwamba maduka, mashamba na biashara nyingi za wageni zitapewa wananchi. Nia ya kuwarudishia Wakongo uchumi wao ingeweza kutetewa. Lakini waliopewa mali hizo hawakuchaguliwa kwa ujuzi. Wengi walichaguliwa kwa ukaribu wao na wakubwa. Wako waliouza bidhaa zilizokuwa dukani na kutoleta nyingine. Rafu zikabaki tupu, mashamba yakaota nyasi, na mwaka 1976 serikali ikawaita wenye mali wa zamani warudi. Hakukuwa na mtu wa kumwambia mkubwa mapema, “Ngoja kwanza, nani atakayeziendesha?” Uongozi wa amri hauuwi uhuru tu; unaua habari. Anayeogopwa haelezwi ukweli, na asiyeelezwa ukweli hukosea hata akiwa na akili nyingi. Mwezi wa Mei 1997 Mobutu aliikimbia Kinshasa, na kile kilichojengwa kumzunguka yeye kwa zaidi ya miaka 30 hakikuweza kusimama bila yeye.

Sasa tutazame upande wa pili wa mji uleule. Yosefu Albert Malula alikuwa askofu mkuu wa Kinshasa tangu mwaka 1964, na kardinali tangu 1969. Mwaka 1972 aligongana na utawala, na akalazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa mbali na kundi lake. Katika mwaka huohuo serikali iliyapiga marufuku mashirika ya vijana ya kidini, ili vijana wote wawe chini ya chama. Hebu fikirini: mchungaji yuko mbali, na mashirika yamefungwa. Kama Kanisa lingekuwa mtu mmoja mwenye fimbo, lingenyamaza.

Halikunyamaza, kwa sababu jambo fulani lilikuwa limeanza zamani. Tangu mwaka 1961 maaskofu wa Kongo walikuwa wamechagua njia ya jumuiya ndogo zilizo hai, zile ambazo katika sehemu zetu nyingi tunaziita mashirika, ambamo majirani husali, husaidiana na kupatana nyumba kwa nyumba. Humo mama anayeuza mihogo anaweza kuongoza sala, na kijana asiye na cheo anaweza kuandika daftari la wagonjwa wa kutembelewa. Hakuna amri ya serikali inayoweza kuyafunga maelfu ya vyumba vya mbele. Na katika miaka hiyo ya 1970, Malula alithubutu zaidi: aliwaandaa walei, wengi wao baba wa jamaa wenye kazi zao za kila siku, akawakabidhi uongozi wa parokia, padri akibaki kuwasindikiza katika mambo yaliyo ya upadri. Waliitwa bakambi, neno la Kilingala lenye maana ya viongozi. Wako waliotia shaka. Je, mlei ataweza? Lakini Malula alipofariki mwaka 1989, bakambi waliendelea na kazi yao. Katika mji mmoja, miaka ileile, wawili waliongoza. Mmoja alikusanya mamlaka mkononi mwake, mwingine aliyagawa. Kila mmoja na apime mwenyewe ni kipi kilichodumu.

Ustadi unaofundishika

Wengine wataniambia, “Uongozi ni kipaji, mtu huzaliwa nacho.” Sikubali. Kipaji kinaweza kumfungulia mtu mlango, lakini kazi za ndani hufundishika kama useremala unavyofundishika. Nitataja nne tu, zile ambazo vikundi vyetu huanguka kwa kuzikosa.

Ya kwanza ni kusikiliza hata kuuliza. Kusikiliza si kunyamaza ukingoja zamu yako ya kusema. Kiongozi mwema humwuliza anayekaa nyuma, msichana ambaye hajasema tangu mwanzo, mgeni aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi. Tena hufanya jambo gumu zaidi: humshukuru mbele ya wote yule aliyempinga kwa haki. Akifanya hivyo mara mbili, watu watajua kwamba ukweli hauadhibiwi hapa. Asipofanya hivyo, ataletewa sifa tupu, nao Waswahili walisema zamani kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Ya pili ni kuendesha kikao. Inaonekana kuwa jambo dogo, lakini mikutano mibaya imewafukuza vijana wengi kuliko dhambi. Kikao kiwe na saa ya kuanza na ya kumaliza. Mambo ya kujadiliwa yajulikane mapema. Maneno yasimalizwe na watu wawili. Na kila uamuzi uandikwe pamoja na jina la atakayeutekeleza na siku yake. Uamuzi usio na jina ni yatima. Karani akisoma maandishi ya kikao kilichopita, hasemi kwa kutimiza desturi. Analikumbusha kundi neno lake lenyewe.

Ya tatu ni kuhesabu fedha mbele ya macho ya watu. Hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Vikundi vingi havikufa kwa kukosa imani. Vilikufa kwa mfuko. Fedha za sare za kwaya, michango ya safari ya hija, mapato ya siku ya michezo: kiasi ni kidogo, lakini shaka haijui udogo. Dawa yake haihitaji elimu ya juu. Daftari moja lenye sehemu mbili, yaliyoingia na yaliyotoka. Risiti au saini kwa kila franka. Watu wawili wakihesabu pamoja, kamwe si mmoja. Na hesabu isomwe kwa sauti kila mwezi, hata kama hakuna aliyeiuliza. Kiongozi anayesema, “Niaminini tu,” anawatwisha wenzake mzigo usio wao. Uaminifu unaoonekana ni zawadi kwa kundi na kinga kwa kiongozi mwenyewe, maana kesho hakuna atakayemsingizia.

Ya nne ndiyo kubwa: kukabidhi. Musa alikuwa akihukumu mashauri ya watu tangu asubuhi mpaka jioni, mpaka mkwewe Yethro alipomwonya kwamba atajichosha yeye na watu pia. Akamshauri achague watu waaminifu, awaweke juu ya maelfu, mamia, hamsini na makumi. Naye Yezu hakungoja mpaka siku za mwisho kuwapa wanafunzi kazi. Aliwatuma wawili wawili angali nao, wakaenda, wakarudi, wakamsimulia, naye akawasikiliza. Ndiyo shule yote ya kukabidhi: kumpa mtu kazi ya kweli, kumwacha aifanye, kumsikiliza arudipo. Wengi wetu tunakosea pande mbili. Ama tunampa mwenzetu kazi ya kubeba viti peke yake, miaka nenda miaka rudi, tukiita hiyo “kushirikisha.” Ama tunamtupia kazi kubwa siku moja bila kumwandaa, kisha akishindwa tunasema, “Mnaona? Bila mimi haiwezekani.”

Tena kukabidhi kuna siku yake ya mwisho. Muda wa komite ukiisha, kiongozi akabidhi daftari, funguo, hesabu na majina ya wanaodaiwa, kwa maandishi na mbele ya mashahidi. Kisha aketi pamoja na wengine, afuate. Kuketi huko ni sehemu ya uongozi wake, pengine iliyo ngumu kuliko zote.

Je, amri haina nafasi kabisa?

Pingamizi lipo, nami nalipokea. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na mbingu ya Goma kuwa nyekundu, hakuna aliyetakiwa kuitisha kikao na kupiga kura. Katika hatari mmoja hana budi kusema, “Twendeni huku, wakubwa wawashike wadogo mikono,” na wengine watii mara moja. Anayeshindwa kuamuru saa hiyo ni mwachiliaji tu, na uachiliaji wake unaweza kuua. Kadhalika kikundi cha watoto wadogo hakiongozwi kama kikundi cha wanafunzi wa chuo, na mtu mwenye ujuzi mkubwa anastahili kuachwa afanye kazi bila kusimamiwa kila dakika. Kiongozi mwenye busara anajua mitindo yote mitatu, na anajua saa ya kila mmoja.

Lakini angalieni mambo mawili. Amri ya saa ya hatari hutiiwa vizuri pale ambapo siku za amani mtu huyo alisikiliza. Watu hukimbilia sauti wanayoiamini. Tena amri hiyo huisha hatari inapokwisha. Balaa la nchi nyingi, na la vikundi vingi, ni viongozi waliosema hatari haijaisha kamwe, ili wasishuke kamwe.

Na mtindo wowote ule, mwema kiasi gani, ni chombo tu mikononi mwa moyo. Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma wa jumuiya ya Mtakatifu Egidio na rafiki wa watoto wa barabarani, hakuwa rais wa kitu chochote kinachoandikwa magazetini. Alifanya kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, akakataa kupokea rushwa ili vyakula vilivyoharibika visiuzwe kwa watu. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri huko Roma. Wakati wa kushawishiwa hakukuwa na mkutano wa kumshangilia wala mkubwa wa kumlinda. Alijiongoza mwenyewe, na leo, yeye asipokuwapo, bado anawaongoza vijana wa mji wake. Asiyeweza kusema hapana kwa bahasha iliyo chini ya meza hata akijua mbinu zote za vikao, bado hajawa kiongozi.

Kwa wale watakaopiga kura

Basi, majira ya uchaguzi yakifika, msimwulize mgombea tu atatuletea nini. Mwulizeni amemfundisha nani kazi anayoifanya sasa. Mwulizeni hesabu ya mara ya mwisho aliyoisoma mbele ya wenzake. Tazameni kama wadogo humwambia ukweli bila hofu. Na wewe utakayechaguliwa, tangu wiki ya kwanza tafuta wawili watakaoweza kushika nafasi yako, waambie hivyo waziwazi, na uanze kuwapa kazi. Mwezi wa tatu, jaribu kutokuwapo katika kikao kimoja kwa makusudi. Ukirudi, usiulize kwanza kama walikukumbuka. Uliza waliamua nini.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Kati ya mitindo mitatu iliyotajwa, ni upi unaotawala katika kikundi chetu leo? Toeni mfano mmoja, bila kumtaja mtu kwa kumwaibisha.

2. Kama kiongozi wetu angelazimika kuondoka kesho, ni kazi zipi zingesimama? Nani anaweza kuanza kujifunza kila moja wiki hii?

3. Daftari letu la fedha lilisomwa mbele ya wote lini kwa mara ya mwisho? Tupange siku ya kulisoma kabla hatujatawanyika.